Nanyonyesha, na tendo la ndoa linaniuma

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27. Miezi minne iliyopita nilijifungua kwa njia ya kawaida, nikachanika na kushonwa. Mtoto ananyonya usiku na mchana. Tangu tuanze tena tendo la ndoa, mume wangu akiingia tu nasikia kama nachanwa na wembe. Anadhani simtaki. Shoga yangu ananiambia nitumie shabu nijirudishe, uke ubane. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Shabu usiiguse. Inakausha na kuchubua uke, na wewe shida yako, kwa ulivyoeleza, inaelekea ni ukavu huohuo.

Mama anaponyonyesha, homoni ya kutengeneza maziwa hupanda na estrojeni hushuka. Estrojeni ndiyo huifanya ngozi ya uke iwe nene, ivutike na itoe ute. Ikipungua, ngozi huwa nyembamba na kavu hata kama moyo unamtaka mume. Msomee mumeo maneno haya. Mtoto usimwachishe, estrojeni hupanda tena yenyewe kadiri anavyopunguza kunyonya.

Kwa sasa nunua duka la dawa kilainishi cha maji, ujipake wewe na yeye pia. Mafuta ya nazi au ya mgando yaacheni kama mnatumia kondomu, kwani huidhoofisha ikapasuka. Msianze kabla mwili wako haujawa tayari, na mwendo uongoze wewe. Ikiuma, acheni. Wanawake wengi huvumilia ili kulinda ndoa, na hilo linanisikitisha, maana misuli ya nyonga huzoea kujikaza kabla hata hujaguswa, maumivu yakaongezeka.

Kilainishi kisipotosha, daktari anaweza kukuandikia krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Mwambie unanyonyesha.

Halafu kuna mshono. Kama sehemu inayouma ni moja tu, pale uliposhonwa, daktari akague kovu: huenda limekaza, au nyama laini imeota juu ya kidonda. Yote mawili yana tiba.

Ukisikia maumivu ndani kabisa chini ya kitovu, au ukipata homa, uchafu wenye harufu au damu baada ya tendo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hayo huenda si ya ukavu tu. Yanaweza kuwa maambukizi ya kizazi, nayo yanahitaji antibiotiki, pengine na mumeo atibiwe.

Ukimpeleka mtoto kliniki, muuguzi asipokuuliza habari za tendo, anza wewe kumwambia.