Nilirudi kuuza duka Kariakoo baada ya miaka minne: wateja wasumbufu ninavyokwenda nao

Dada yangu, umesema uliacha kuuza duka ulipojifungua, sasa bosi wako wa zamani kakuita tena na usingizi huna kwa kuwawaza wateja. Pole. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana na mimi nilikaa nyumbani miaka minne nafuga kuku (waliisha kwa kideri, tuyaache hayo), nikarudi kuuza vitenge Kariakoo mwaka 2022.

Wiki ya kwanza wala si wateja watakaokutesa. Ni miguu, na bei. Mimi nilikuwa nataja bei za 2018 mpaka kijana mwenzangu akawa ananikanyaga chini ya kaunta. Usiyoijua usiibuni, sema tu "ngoja nimuulize mwenzangu". Sijaona mteja aliyeondoka kwa sababu hiyo.

Sasa hao wanaokupangulisha majora yote halafu wanakuita mwizi. Unajua Kariakoo ilivyo: mteja mpaka anafika kwako keshapitia mikononi mwa mawinga (wale madalali wa mitaani) wawili watatu, kila mmoja na cha juu chake. Anaingia tayari ana hasira za huko nje. Huyo anayefoka "mnatuibia sana nyie" wakati mwingine anaogopa tu akifika nyumbani aambiwe kapigwa. Kwa hiyo sijitetei. Nampa kitenge akishike, nampimia mbele ya macho yake, ahesabu mwenyewe yadi 6. Nimetaja 18,000, akisema 10,000 nambishia taratibu: "Mama, hapo hata mtaji haurudi. Lete 16,500 nikufungie." Halafu nanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikonishinda siku nyingi. Nilikuwa nashusha bei mwenyewe kabla hajaomba, naye akiona inashuka hivyo ndiyo anaamini kweli nilitaka kumwibia.

Wanaorudisha mali ni habari nyingine, na hapo nina kosa langu. Kuna mama alichukua vitenge 14, sare za harusi ya mwanawe. Akaniuliza, "Hakichuji hiki?" Nikamjibu haraka haraka, "Hakichuji mama, hii mali nzuri." Sijawahi kukitia maji hata siku moja. Siku ya tatu akaja na ndoo. Ndoo nyeupe, ile ya rangi za nyumba, kitenge kimelala ndani na maji yamekuwa bluu. Akaitua juu ya kaunta pole pole yasimwagike. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Mwanangu, tazama." Ukutani tuna kibao, mali ikiuzwa hairudishwi. Nikakitazama kibao, naye akakitazama.

Bosi hakutaka kusikia. Nilibembeleza mpaka akakubali abadilishiwe vile 10 ambavyo fundi hajavigusa. Vinne vilishakatwa, nusu ya hasara yake nikakatwa mimi mwisho wa mwezi. Iliniuma, ila nilistahili.

Tangu siku hiyo naweka leso nyeupe mbichi kwenye kikopo chini ya kaunta. Mteja akiuliza kama kinachuja, simjibu kwa mdomo. Nasugua pindo mbele yake, tunaangalia wote leso imetoka na nini. Ikitoka na rangi namwambia hiki kifulie peke yake, au chukua kile. Yule mama karudi mara mbili tangu hapo, na leso anaidai yeye mwenyewe kabla hajauliza bei.

Halafu usije ukadhani msumbufu ndiye wa kumwogopa. Aliyeniibia mimi alikuwa mstaarabu kupita wote: shati limepigwa pasi, "dada samahani" kila neno, bei hakuomba punguzo. Akaniambia keshalipa, niangalie meseji. Meseji ipo kweli, kiasi sawasawa. Jioni kupiga hesabu, salio halina kitu. Ile meseji ilitoka namba ya kawaida ya mtu, haikuja kwa jina la mtandao. Mtu akilipa kwa simu, angalia salio kwanza ndipo ufungashe, hata kama nyuma yake kuna foleni na wanakupigia kelele.

Anayekutukania mama yako, huyo usibaki naye. Mwite mwenzako amalizane naye, wewe nenda nyuma kakunje mali. Nimewahi kujibu tusi mara moja tu. Duka zima lilisimama na wateja wengine watatu wakaondoka mikono mitupu.

Umeuliza pia mkubaliane nini na bosi. Mshahara mtauzungumza wenyewe, ila kabla hujaanza akutajie bei ya chini unayoruhusiwa kufika bila kumpigia simu, kwa kila aina ya mali, iandikwe kwenye daftari. Na akwambie kitakachorudishwa atakipokeaje. Mimi sikuuliza, ndiyo maana siku ya ndoo nilisimama pale sina la kusema. Siku ya kwanza vaa raba.