Punch halikubuni neno "katuni"
Wapo wanaosema Punch, jarida la vichekesho la Uingereza, ndilo lililobuni neno hili. Hapana ndugu, lililigeuza maana tu. Punch lilianzishwa London tarehe 17 Julai 1841, na wakati huo katuni ilikuwa mchoro wa awali kabla ya kupaka rangi ukutani. Mwaka 1843, michoro ya kupamba jengo jipya la Bunge ilipoonyeshwa Westminster, John Leech alichora maskini wenye matambara wakitazama picha za wakubwa, Punch likauita mchoro huo "Katuni Na. 1". Dhihaka ikanasa, na neno likabaki na maana ya mchoro wa kuchekesha.

Na ile mistari myembamba myeupe kwenye picha kubwa za zamani za magazeti kama Punch si mikunjo ya karatasi. Kibao cha kuchapia picha kilikuwa vipande vya mti vilivyokazwa kwa bolti. Wachongaji waligawana vipande hivyo ili kuwahi toleo la wiki. Kiungo kikiachia kidogo tu, wino haushiki hapo.