Hadhi ya Gold niliyoipata Marekani: je, naweza kuitunza nikiishi Dar es Salaam?

SWALI: Ndugu mshauri, nilifanya kazi Marekani kwa miaka saba, na huko nilijiunga na MileagePlus, programu ya wasafiri ya shirika la United, hadi nikafikia hadhi ya Gold. Nimerudi Dar es Salaam kikazi. Sasa nakwenda Nairobi karibu kila mwezi kwa Kenya Airways, na mara mbili kwa mwaka nakwenda Frankfurt kwa Ethiopian, ambalo nimelichagua kwa kuwa ni mshirika wa United. Safari zote za Ethiopian naziandikisha katika akaunti yangu ya United, lakini naona hesabu haisogei. Je, naweza kuitunza Gold yangu nikiwa huku? Na kama upungufu ni mdogo, naweza kununua maili za kuujazia? Msomaji, Mbezi Beach.

JIBU: Dada, nashukuru kwa kueleza safari zako kwa ukamilifu, maana bila hizo jibu langu lingekuwa la kubahatisha. Kwa mwenendo huo wa safari, Gold ya United hutaweza kuitunza, na nakushauri usiendelee kuikimbiza. Naomba nikueleze sababu, kisha nikuonyeshe njia ambayo naiona inakufaa zaidi.

Watu wengi wanaokuja ofisini kwetu hudhani kwamba maili ni maili tu. Kwa kweli akaunti yako ina hesabu mbili zinazokwenda sambamba. Kuna maili za kubadilishana na tiketi, ambazo hulimbikizwa kama akiba, na kuna pointi za kufuzu, ambazo ndizo zinazoamua hadhi yako. Maili za kununua huingia katika hesabu ya kwanza na haziigusi ya pili, kwa hiyo swali lako la mwisho lina jibu fupi: usinunue maili kwa nia ya kulinda hadhi, kwa sababu utatoa fedha na hadhi itashuka palepale.

Sasa tazama hesabu ya pili kwa upande wa United. Kwa masharti ya mwaka 2025, Gold ilihitaji pointi za kufuzu 12,000, au pointi 10,000 pamoja na safari za ndege 30. Ukiruka na shirika mshirika kwa tiketi iliyotolewa na shirika hilo, maili ulizopata hugawanywa kwa 5 au kwa 6, kulingana na shirika lenyewe, na jibu linalopatikana ndilo pointi zako. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt kupitia Addis Ababa ni takribani maili 4,400, yaani maili 8,800 kwenda na kurudi. Hata tukichukulia kwamba tiketi yako inalipa asilimia 100 ya umbali, na tukatumia kigawanyo chenye nafuu zaidi, safari zako mbili kwa pamoja hazifikishi pointi 4,000. Tiketi za bei ya chini mara nyingi hazilipi hata nusu ya umbali huo. Jambo hili huamuliwa na herufi moja ya nauli iliyoandikwa kwenye tiketi, na abiria wawili waliokaa viti vya jirani, katika daraja lile lile la kawaida, wanaweza kushuka Frankfurt mmoja akiwa na maili mara nne ya mwenzake. Nimewahi kukaa na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyesafiri kwenda China mara tatu ndani ya miezi michache akiamini amekaribia hadhi ya juu, na nilipomfungulia akaunti tukakuta robo tu ya maili alizotarajia, kwa sababu tiketi zote tatu zilikuwa na herufi ya nauli ya chini kabisa. Ilinisikitisha, kwani aliyemkatia tiketi angeweza kumwambia kwa sentensi moja.

Liko na sharti jingine ambalo kwa mtu anayeishi kwetu ndilo zito zaidi. United hudai kwamba kila mwaka uruke angalau safari nne katika ndege za United yenyewe au United Express, yaani ndege ndogo zinazoruka kwa jina lake, hata kama pointi zako zimevuka kiwango. United hairuki Dar es Salaam. Mtu ambaye katika mwaka mzima hakukanyaga Marekani hapati hata Silver, hadhi iliyo chini ya Gold, kwa kutegemea washirika peke yao. Kama ungekuwa unakwenda huko mara moja kwa mwaka na kuunganisha ndege za ndani, safari hizo nne zingepatikana kwa urahisi, na maelezo yangu yangekuwa tofauti kidogo.

Lakini hata kama hesabu ingekubali, ningekuuliza hadhi hiyo inakusaidia wapi. Gold ya United hutambulika katika muungano wa mashirika ya ndege wa Star Alliance, ambao Ethiopian ni mwanachama tangu mwaka 2011, na huko inakupa launji, yaani ukumbi wa kupumzikia uwanjani, pamoja na mzigo wa ziada wa kilo 20 au begi moja zaidi. Kenya Airways imo katika SkyTeam, muungano mwingine, ambako Gold hiyo haina nguvu yoyote. Maana yake ni kwamba safari zako 12 za Nairobi unasimama kwenye foleni kama abiria mwingine yeyote, na wala haziingii katika akaunti yako ya United. Unaruka mara 28 au zaidi kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo zinapotea bure. Hilo ndilo linaloniuma ninaposoma barua yako kuliko kushuka kwa Gold yenyewe.

Kwa hiyo ningekushauri uzihesabu safari hizo hizo katika Flying Blue, programu ya Air France na KLM, ambayo huandikisha pia safari za Kenya Airways. Kwa upande wa hadhi, Flying Blue haitumii umbali uliozidishwa kwa asilimia. Hutumia pointi zinazoandikwa XP, ambazo hutolewa kwa kila ruko, yaani kila ndege moja unayopanda, kulingana na daraja na kundi la umbali. Ruko la nje ya nchi lisilofika maili 2,000, katika daraja la kawaida, lina XP 5. Ruko la kati ya maili 3,500 na 5,000 lina XP 10, na katika daraja la biashara hupanda hadi 30. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kama maili 420, nayo hupata XP 5, kwa hiyo kila ukienda na kurudi unapata 10. Kwa mwaka mzima Nairobi peke yake inakupa XP 120. Ukienda Frankfurt kupitia Nairobi na Amsterdam unapata 5, kisha 10, kisha 5 tena, yaani XP 20 kwa upande mmoja na 40 kwenda na kurudi; safari mbili zinaleta 80. Jumla ni XP 200.

Angalia kwamba hapa kuunganisha ndege kunalipa. Ukipanda KLM moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam, safari hiyo ni ruko moja la XP 10, ilhali kupitia Nairobi ni XP 15.

Gold ya Flying Blue huhitaji XP 180, lakini usidhani utaifikia mwaka wa kwanza. Unaanzia chini: ukifikisha XP 100 unapata Silver, pointi hizo 100 zinakatwa, ziada inahamishwa, na kipindi kipya cha miezi 12 kinaanza, kutoka hapo ndipo unahitaji nyingine 180. Kwa mwendo wako, Silver itakuja baada ya nusu mwaka hivi na Gold baada ya mwaka mmoja na nusu. Katika pengo hilo, Gold yako ya zamani bado itakufaa kwenye safari yoyote ya Ethiopian, maana hadhi ya United iliyopatikana ndani ya mwaka 2025 hudumu hadi mwisho wa Januari 2027.

Kuitunza Gold hiyo mpya kunakuachia nafasi ya XP 20 tu, yaani safari mbili za Nairobi. Mikutano mitatu ikihamia kwenye simu, umeshuka. Mwaka ukiona unapungukiwa, safari moja ya Nairobi katika daraja la biashara inalipa XP 30 badala ya 10, na mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kubuni safari ya Ulaya. Hata hivyo, ikiwa tiketi ya Frankfurt kupitia Addis Ababa ni nafuu kwa dola 300, mimi ningepanda ya Addis Ababa bila kusita, kwa kuwa Nairobi peke yake inakutosha kuishikilia Silver, na mzigo wa ziada ukiuhitaji unaweza kuulipia kwa fedha pungufu ya hiyo.

Jiunge kabla ya safari yako ijayo, na safari zilizokwisha kabla ya kujiunga usizitegemee. Mpe wakala namba ya uanachama kabla tiketi haijatolewa, umuulize herufi ya nauli, na umuulize ni shirika gani hasa linalorusha ndege, kwa sababu namba ya Kenya Airways inaweza kuwekwa juu ya ndege ya shirika lingine, na XP zikakosekana. Jina katika akaunti lifanane na la pasipoti. Sisi wenye majina matatu huumia hapa mara kwa mara: akaunti ina majina mawili, tiketi ina matatu, na mfumo unakataa kuwatambua kama mtu mmoja. Tunza kadi ya kupandia ndege na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambayo ya Kenya Airways huanza na 706 na ya KLM huanza na 074, hadi uone pointi zimeingia. Zikikawia, dai mapema. Programu nyingi hufunga mlango baada ya miezi 6 au 12, na ruko moja haliwezi kuandikishwa katika programu mbili.