Umekwama kwenye kitabu cha Horus? Hata mimi nilikwama, soma hapa

Jumapili nimepata meseji inboksi, kijana mmoja ananiandikia: "Shikamoo kaka, nilikusikia unasifia riwaya za Warhammer 40,000 nikaanza na kile cha kwanza cha Horus, nimefika ukurasa wa 60 sijui nani ni nani, hivi shida ni Kiingereza changu au mimi ni kilaza tu?"

Marahaba mdogo wangu. Wewe si kilaza. Nilianza kukujibu nikajikuta nimeandika meseji ndefu kama wosia, nikaona bora niiweke hapa na wengine wafaidi, maana najua mnaonisoma wengi wenu mna daftari mahali limejaa riwaya yenu ya anga za juu ambayo mama hajui na mke hajui. Msinikatalie.

Na niseme ukweli, nina donge pia. Mwezi uliopita mswada wangu umerudishwa. Miaka 3 nimeuandika, mchapishaji kauweka miezi 7, majibu yamekuja mistari minne, kwamba lugha ni nzuri lakini wasomaji wetu hawana habari na mambo ya sayari. Siku ile nilitoka nikaenda kukaa kijiweni, chai ikapoa mbele yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama kuna msiba. Kwa hiyo mkiona mahali nimekuwa mkali kidogo mtajua imetoka wapi.

Kwa wasiojua, Warhammer 40,000 ni gemu ya vita ya mezani kutoka Uingereza, imetoka 1987. Watu wanaunganisha askari wa plastiki kwa gundi, wanawapaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele, halafu wanapigana kwa kurusha dadu na kupima umbali kwa tepu ya fundi. Kampuni yake ni Games Workshop, makao makuu Nottingham, na tangu 1997 wana kitengo chao cha vitabu kinaitwa Black Library. Hadithi yenyewe iko mwaka elfu arobaini huko mbele. Binadamu wametapakaa kwenye nyota, wanatawaliwa na Kaisari ambaye miaka 10,000 sasa yuko kwenye Kiti cha Dhahabu, mzima si mzima, maiti si maiti, na kila siku watu 1,000 wenye vipaji vya rohoni wanatolewa kafara kwa ajili yake. Meli zikitaka kwenda mbali zinapita kwenye ulimwengu mwingine uliojaa mapepo, na ukuta wa meli ukipasuka huko, basi tena. Ni dunia ya giza haswa, na hakuna upande wa watu wazuri.

Mimi nilikutana nayo 2016. Nilikuwa Nottingham, mchana nasoma shahada ya pili na usiku nafanya kibarua kwenye bohari, kupanga maboksi mpaka alfajiri. Siku ya kwanza kupita Lenton nikaona sanamu kubwa ya askari mwenye mabega kama friji imesimama nje ya jengo, nikasema hawa Waingereza nao wana mizimu yao. Kumbe ndo pale Warhammer World, ndani kuna meza za kuchezea, maonyesho ya hao askari wadogo na baa yao inaitwa Bugman's. Niliingia kukwepa mvua tu. Nikaangalia bei ya boksi moja la askari, nikapiga hesabu kwa shilingi zetu, nikatoka nje kwenye mvua ile ile.

Lakini kitabu cha mtumba kilikuwa hakizidi pauni moja. Kwenye duka la hisani nikaokota The First Heretic ya Aaron Dembski-Bowden, kava tamu, nikarudi nacho nimekibana kifuani kama mwizi wa kuku. Nilichokuwa sijui ni kwamba kile ni kitabu cha 14 kwenye mfululizo wa Horus Heresy, yaani uasi wa Horus, mwana wa huyo Kaisari, wenye vitabu 54, na baada ya hivyo 54 kuna mfululizo mwingine wa kumalizia vita yenyewe. Yaani ni sawa na mtu aingie kwenye kikao cha ukoo siku ya tatu, watu washagombana, washalia, washapatana, wamegombana tena, na yeye ndo anauliza marehemu ni nani. Nilisoma ule usiku wakati wa mapumziko, kurasa 40, sikuelewa kitu, nikajilaumu Kiingereza. Mwezi mzima najiona mshamba.

Sasa mdogo wangu, wewe umeanza na kitabu cha kwanza, Horus Rising cha Dan Abnett, kimetoka 2006, na ni kitabu kizuri kwelikweli, ila kinakudai uwe na uchungu na hao watu kabla hujawajua. Msomaji wa zamani wa hii gemu anajua Horus atamsaliti baba yake, kwa hiyo kila akiona Horus anacheka na vijana wake moyo unamuuma. Wewe hujui, unaona tu askari wa Kaisari, majitu ya futi nane, yanaitana kwa vyeo. Kiweke pembeni, utakirudia.

Aliyeniokoa ni jamaa mmoja wa pale boharini, mtu mzima, mpole, kila mapumziko yuko na kitabu. Akaniona nahangaika, akacheka, kesho yake akaniletea Xenos, ya huyo huyo Abnett, ya 2001, cha kwanza katika vitatu vya Eisenhorn. Akaniambia achana na majitu, anza na mtu. Mimi hilo neno nimelibeba mpaka leo.

Eisenhorn ni mpelelezi, kazi yake kuwinda wazushi na wachawi, na anasimulia mwenyewe kwa "mimi", hivyo anachojua ndicho unachojua. Kitabu kinaanza kwenye sayari inaitwa Hubris, kipindi cha baridi na giza ambacho watu wake wote wanaojiweza wamelazwa usingizi kwenye barafu ndani ya makaburi makubwa wakisubiri jua lirudi. Adui akazizima zile mashine za kuwalaza kabla ya wakati. Wanaamka maelfu, macho hayaoni, miguu haina nguvu, wanatambaa kwenye sakafu ya barafu wakishika mguu wa yeyote anayepita, na yeye anapita katikati yao anamkimbiza mtu mmoja kwa sababu hana namna ya kuwaokoa. Niliisoma hiyo nimekaa juu ya kreti, jaketi nimelifunga mpaka kidevuni, na chai ikanimwagikia kurasa mbili sikustuka. Doa lipo mpaka leo. Halafu angalia ujanja wa mwandishi: mle mle kitabu cha kwanza Eisenhorn anateswa mpaka neva za uso zinaharibika, hawezi kutabasamu tena, na kuanzia hapo kila mtu anamwona mtu katili, kumbe ni uso tu. Mpaka unafika cha tatu, Hereticus ya 2002, hujui tena kama ni uso tu.

Ushauri wangu wa kwanza basi: anza na Eisenhorn.

Baada ya hapo nikaenda kwa Gaunt's Ghosts, Abnett tena, kuanzia First and Only ya 1999. Hawa ni askari wa kawaida wa miguu, watu kama mimi na wewe wenye bunduki na viatu vilivyolowa. Siku wanayoapishwa kuingia jeshini, sayari yao Tanith inavamiwa na kuangamizwa, na kamanda wao mpya Gaunt anaamua kuwaondoa walio hai badala ya kuwaacha wafe na nyumbani kwao. Kwa hiyo anaongoza watu ambao baadhi wanamchukia kwa kuwaokoa. Vitabu vizima vimesimama juu ya hilo moja. Kuna dogo anaitwa Milo anapiga filimbi za kwao, na ndo raia pekee aliyetoka kule.

Cha tatu kinaitwa Necropolis, mji umezingirwa, na mle kuna mchimba madini anaitwa Kolea. Anaamini mke na watoto wake wawili wamekufa kwenye mabomu, anageuka mpiganaji, mwisho anaingia jeshini. Baadaye anakuja kugundua watoto wako hai, binti wa mtaani ndiye aliyewaokota na kuwalea, wameshamzoea kama mama. Na Kolea ananyamaza. Anawaona kwa mbali, hasemi. Mimi wakati huo binti yangu alikuwa na miaka 3, yuko Tanga kwa dada yangu, na kwenye simu alikuwa ananiita anko, dada yangu ndo mama. Nilifunga kile kitabu wiki mbili. Halafu kuna watu wanakuja kuniambia hizi ni riwaya za midoli.

Hapo ndo penye donge la pili. Niliporudi Dar nikajiunga na kikundi cha wasomaji, tukaambiwa kila mtu alete kitabu kilichombadilisha. Nikaleta Necropolis. Jamaa mmoja, msomi, miwani ya bei mbaya, akakigeuza akaangalia kava, akasema mbele ya watu, "Hivi hii si tangazo la biashara ya midoli?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, hicho ndo kinaniuma zaidi. Jibu lilinijia kwenye daladala kama kawaida. Ningemwambia huyo Abnett wa midoli ndiye, akishirikiana na Andy Lanning, aliyeandika komiki za Guardians of the Galaxy za 2008, kundi lile lile ambalo Marvel walilipeleka kwenye sinema 2014, na naamini hata yeye alilipa kiingilio kwenda kuliona. Na ndiyo, ni biashara, wanataka ununue askari wa plastiki, sasa kwani kuna mchapishaji gani anayegawa vitabu msikitini? Mtu analipwa kutangaza midoli akaamua kuandika baba anayewanyamazia watoto wake. Hakuna aliyemlazimisha.

Nikawa nimetulia kidogo na huzuni ndo nikagundua kwamba wana na vya kuchekesha. Ciaphas Cain wa Sandy Mitchell, ni afisa anayesifiwa kila kona kwa ushujaa wakati mwenyewe anakiri kwenye kumbukumbu zake kwamba alikuwa anatafuta pa kujificha, na kila anapojificha ndipo adui alipo. Ana msaidizi wake Jurgen, ananuka balaa. Soma tu. Na The Infinite and the Divine ya Robert Rath, 2020, vizee viwili vya chuma ambavyo zamani vilikuwa watu, Trazyn mkusanya vitu na Orikan mtabiri, vinagombania kitu kimoja kwa maelfu ya miaka, dola zinazaliwa na kufa vyenyewe viko kwenye kesi tu. Nyie mliokulia kwenye koo zenye ugomvi wa mpaka wa mnazi mtajiona mle ndani, mimi nilimwona babu yangu wazi wazi.

Hata vile vya majitu, vilivyo vizuri vina mtu mdogo ndani. Dembski-Bowden ana vitatu vya Night Lords, Soul Hunter ndo cha kwanza, wanaosimuliwa ni wauaji wasio na soni, lakini humo yupo mtumwa wao binadamu anaitwa Septimus. Maana yake wa saba. Yaani sita walishapita kabla yake na hakuna aliyejisumbua kumpa jina. Baadaye anakuja mwanamke, anaitwa Octavia. Hesabu mwenyewe.

Turudi kwa mswada wangu. Baada ya kununa wiki tatu nikaufungua tena, nikahesabu. Kurasa 11 za kwanza ni majina ya falme, orodha ya wafalme, vita vya karne ya ngapi, na ramani nilimlipa kijana anichoree. Mtu wa kwanza kufungua mdomo yuko ukurasa wa 12 na anaongea kama hotuba ya bajeti. Mimi niliyeambiwa na mtu boharini saa tisa za usiku anza na mtu, nikaenda nikaanza na ramani. Mchapishaji alikosea kuhusu wasomaji wetu, hilo sitabadilisha, maana watu wanaomeza hadithi za majini na wachawi tangu wananyonya hawawezi kushindwa na sayari. Ila kurasa 11 ni zangu.

Kwa hiyo na wewe mwenye daftari, toa ramani. Toa wafalme. Nani ana njaa kwenye dunia yako, nani kapoteza viatu? Anza na huyo. Usisubiri msomi wa miwani akupe ruhusa, na usione haya kusoma unachokipenda kwenye mwendokasi kava likiwa juu, vijana mmekuwa waoga mno siku hizi, mnaficha vitabu kama vile ni bangi. Na usianze kununua askari wa plastiki kabla hujalipa kodi ya nyumba, hilo nalo naliongeza maana nakufahamu. Anza na Eisenhorn, nimeshasema, narudia.

Mimi nimeanza upya. Sasa hivi yupo msichana anayeuza maji kwenye kituo cha meli za anga na ndoo yake imetoboka, na mpaka ukurasa wa 9 hakuna mfalme aliyetajwa. Dada yangu kasoma, kauliza ndoo itazibwa na nini.

Halafu, wewe uliyeazima Xenos yangu mwaka juzi ukasema wiki moja tu. Najua unanisoma. Ni ile yenye doa la chai kwenye kurasa za makaburi ya barafu, siwezi kuikosea hata uipige jalada jipya. Kuna dogo inboksi anaisubiri.