Bahari imeng'oa mti wetu wa alama. Sasa tupime kutoka wapi?

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa jiografia

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha kujitolea, tunafuatilia kipande cha ufukwe kinacholiwa na bahari. Siku zote tumekuwa tukivuta tepu kutoka kwenye mti mmoja mkubwa hadi pale maji yalipofika, tunaandika tarehe na saa, basi. Dhoruba iliyopita imekata mchanga wima, ukisimama chini unakufika kifuani, na ule mti umelala mizizi juu. Sasa kikundini ni ubishi mtupu. Wengine wanasema kazi yote imekwenda na maji. Wengine wanataka kuanzia sasa tuwe tunapima baada ya dhoruba tu, maana ndipo mabadiliko yanapoonekana. Na mmoja anauliza tuna haja gani ya kujichosha wakati setilaiti zinaona kila kitu. Tushauri. Katibu wa kikundi.

JIBU: Marahaba, Katibu. Poleni kwa mti.

Kazi haikwenda yote na maji, ila nisiwafiche: daftari lenu lilikuwa na walakini hata mti ungali umesimama. Mlikuwa mnapima hadi maji yalipofika, na maji hayakai mahali pamoja. Chukueni ufukwe wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50. Maji yakipanda sentimita 20 tu, ukingo wake unasogea mita 10, na hakuna hata chembe ya mchanga iliyoondoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nambari zenu inaeleza habari za kupwa na kujaa. Kinachowaokoa ni kwamba mliandika saa. Tafuteni jedwali la kupwa na kujaa la miaka hiyo, mchambue vipimo vilivyochukuliwa maji yakiwa kwenye kimo kimoja, muvilinganishe hivyo peke yake. Vitabaki vichache, lakini vitakuwa vya kweli.

Kuhusu mti, kusanyeni picha zote za zamani zinazouonyesha pamoja na kitu ambacho bado kipo, kama kona ya jengo, mwamba au kalavati. Mkiwa na picha mbili tatu kutoka pande tofauti mtaweza kupata pale shina liliposimama kwa kukosea chini ya mita moja, na kipimo cha zamani kikaunganishwa na kipya.

Alama mpya isiwe mti tena. Wekeni kigingi cha zege, au chagueni kona ya msingi imara, mbali kabisa nyuma ya mahali mnapodhani bahari itafika. Wekeni na cha pili nyuma yake zaidi, viwili vikiwa kwenye mstari unaoelekea baharini. Faida yake ni mbili: mpimaji akigeuka nyuma na kuona vigingi vimefunikana anajua hajapinda, na cha mbele kikiliwa cha nyuma kinabaki. Halafu andikeni umbali wa kila kigingi kutoka vitu vitatu visivyohama, mkaweke nakala nyumbani kwa mtu mwingine, si kwa Katibu peke yake.

Tepu nayo ipumzike. Mnachotaka kujua ni kimo cha mchanga kuanzia kigingini hadi majini, na kwa hilo kuna mbinu rahisi iliyochapishwa mwaka 1961 na mwanajiolojia wa Marekani, K. O. Emery, ambayo vikundi vya kujitolea vinaitumia hadi leo. Ni fito mbili za urefu sawa, tuseme mita 1.5, zilizochorwa sentimita kuanzia nchani kwenda chini, pamoja na kamba ya mita 2. Wa mbele anasimamisha ufito wake upande wa bahari, wa nyuma upande wa nchi kavu, kamba ikivutwa iwe mlalo kama meza. Isifuate mteremko, hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Wa nyuma ndiye anayesoma. Anainama mpaka ncha ya ufito wa mbele iguse ule mstari ambapo bahari na mbingu hukutana. Mstari wa jicho lake unakata ufito wake mwenyewe mahali fulani, tuseme sentimita 12 chini ya ncha. Basi katika hatua ile mchanga umeshuka sentimita 12. Anatamka, "Kutoa kumi na mbili." Mwandishi anarudia kwa sauti kabla ya kuandika. Kisha wa nyuma anakwenda kusimamisha ufito wake palepale uliposimama wa mbele, si hatua moja kando, na wa mbele anasonga. Pale mchanga unapopanda kuelekea baharini, kama nyuma ya tuta, mambo yanageuka: anatazama juu ya ncha ya ufito wake mwenyewe na kusoma kwenye ule wa mbele, na nambari inaandikwa kwa alama ya kujumlisha. Alama hizo mbili zimeharibu madaftari mengi kuliko mvua. Ndiyo maana nasisitiza mwandishi arudie.

Fito zikizama kwenye mchanga laini, zipigilieni kitako bapa cha ubao. Siku ya ukungu ambapo mwisho wa bahari hauonekani, azimeni pima maji ya fundi, muifunge kwenye kipande cha ubao ulionyooka, huo ndio uwaonyeshe mlalo badala ya upeo wa macho. Na kabla hajatokea mjuzi wa kuniandikia kwamba dunia ni mviringo: ndiyo, upeo wa macho uko chini kidogo ya usawa kamili. Kwa kila hatua ya mita 2 kosa lake ni milimita moja au mbili, linaelekea upande uleule kila mara, na mkilinganisha mwezi na mwezi linajifuta.

Hapo mchanga ulipokatika, msitie kamba ya mshazari kutoka juu hadi chini mkaona mmemaliza. Ufito mmoja uwe juu, mwingine uwe chini kabisa ya ukuta ule, mpime umbali mlalo uliopo hata ukiwa sentimita 40, na pembeni muandike "ukingo umekatika". Mkiruka hapo, mchoro wenu utaonyesha mteremko mpole mahali palipo na genge. Ila msisimame kwenye mdomo wake. Mara nyingi maji yamechimba kwa chini, na mchanga uliokatika wima huporomoka bila kutoa taarifa. Pia mtu asikae chini yake akipumzika kivulini.

Sasa ule ubishi wa lini mpime. Wanaotaka baada ya dhoruba tu nawaelewa, maana siku hizo ndizo zenye msisimko. Lakini fikirini dhoruba inafanya nini. Mawimbi makubwa na ya karibukaribu huburuta mchanga wa juu na kuulaza kwenye fungu chini ya maji, mbele kidogo ya ufukwe. Bahari ikitulia, mawimbi mapole huurudisha polepole, kwa majuma, miezi, pengine miaka. Daftari la dhoruba tupu litaonyesha ufukwe ulio mahututi siku zote, na daftari la siku za jua tupu litaonyesha ufukwe usioumwa kamwe. Yote mawili ni ya uongo, ingawa kila nambari iliyomo ni sahihi.

Mfano upo Sydney, Australia. Ufukwe wa Narrabeen na Collaroy umekuwa ukipimwa tangu mwaka 1976, kwa kawaida kila mwezi, ndiyo maana wataalamu duniani kote wanautaja. Juni 2016 dhoruba iliukata hata bwawa la kuogelea la nyumba moja likang'oka na kubaki limelala mchangani. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Aliyeiona picha hiyo tu angeapa kwamba ufukwe umekwisha. Mwenye vipimo vya miaka 40 aliweza kuuliza swali la maana: je, huku ni kuyumba kwa kawaida ambako kutajirekebisha, au mwelekeo wenyewe umebadilika? Vipimo hivyo vilikwisha kuonyesha kwamba mchanga wa ufukwe ule huhama kutoka ncha moja hadi nyingine na kurudi, kufuatana na vipindi vya El Niño na La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto au kupoa kuliko kawaida. Jambo kama hilo hulioni kwa kwenda siku za vishindo peke yake.

Kwa hiyo pimeni mara moja kila mwezi, maji yakiwa yamekupwa sana wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, siku chache zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ili mfike mbali iwezekanavyo. Dhoruba ikipita ongezeni safari, lakini iandikwe kando kama ya ziada, isichukue nafasi ya safari ya mwezi. Siku ambayo mtaona hakuna kilichobadilika na mnajisikia wavivu ndiyo ninayoitaka mimi kuliko zote.

Na huyo bwana wa setilaiti hakukosea. Utafiti wa mwaka 2018 uliotumia picha za setilaiti za kuanzia 1984 hadi 2016 ulionyesha kuwa asilimia 24 ya fukwe za mchanga duniani zinamomonyoka kwa zaidi ya nusu mita kwa mwaka, asilimia 28 zinakua, zilizobaki zimetulia. Kazi kubwa hiyo, na fito haziiwezi. Lakini kwenye picha za Landsat, setilaiti za Marekani zilizotumika hapo, nukta moja ni mita 30 kwa 30 ardhini. Inaona ukingo ukirudi nyuma; haioni mchanga ukishuka sentimita 15 ukingo ukiwa palepale, na mara nyingi ndivyo ugonjwa unavyoanza. Wala haioni lori lililokuja kuchota mchanga jana usiku, au bomba jipya la maji ya mvua lililofunguliwa juu ya ufukwe. Nyinyi mnaona. Tengeni safu ya maelezo daftarini, muandike mambo hayo kila safari: mimea ya kwanza inaanzia wapi, mstari wa takataka za bahari uko wapi, nani amepita na mashine. Mkikuta kiota cha kasa, zungukeni, msikitoboe kwa fito.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi bado mwanafunzi, kikundi cha kwetu kinasema ni mdogo mno. Nina simu tu. Naweza kusaidia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza sana. Mwaka 2017 ulianza huko huko Sydney mpango unaoitwa CoastSnap, nao umesambaa nchi nyingi: wanasimika nguzo yenye kishikio cha simu, kila apitaye anaweka simu, anapiga picha, anaituma. Picha zote zinatoka pembe moja, hivyo mstari wa maji unaweza kupimwa. Kama huna nguzo, tafuta kitu kisichotikisika cha kuegemezea simu, usivute picha karibu, na ndani ya picha pawepo vitu viwili vitatu visivyohama. Saa ya simu iwe sahihi. Usiipambe picha kwa rangi.

SWALI: Mwalimu, jirani yetu ana nyumba pembeni mwa ufukwe. Anataka tumpe vipimo vyetu athibitishe kwamba ukuta wa mwenzake ndio uliomaliza mchanga wake. Tumpe?

JIBU: Vipimo mpeni, hukumu msimpe. Ni kweli kuta za bahari hurudisha nguvu ya mawimbi, na mara nyingi mchanga huliwa zaidi pale ukuta unapoishia. Lakini mstari mmoja mbele ya nyumba yake hauwezi kusema hayo. Mnahitaji mistari mitatu: mmoja mbele ya ukuta, wa pili hapo unapoishia, wa tatu mbali upande uleule ambako ukuta hauwezi kufikisha athari. Kama wa tatu umeshuka sawa na wa pili, hoja yake ni dhaifu. Kama wa pili umeshuka peke yake, ana la kusema, hasa mkiwa na vipimo vya kabla ukuta haujajengwa. Na mwenye ukuta akija kuomba, naye apewe kurasa zilezile.