Uliza Tukujibu: Watu wa Chuo Wamekuja, Wamerekodi, Wameenda

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watafiti, sijui mmepanga. Nimechukua nne, zingine zinafanana sana na hizi kwa hivyo kama ya kwako haipo soma tu, jibu liko humu.

Habari mhariri. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha ngoma ya isukuti hapa Shinyalu, Kakamega. Mwaka jana walikuja watu wa chuo fulani na kamera, tukawapigia ngoma kutoka asubuhi mpaka jua likaingia, wakatupa soda, mkate na nauli. Juzi kijana wangu ananionyesha kwa simu, video iko YouTube, jina la kikundi halipo kabisa. Tufanye nini? – Mzee wa Ngoma

Mzee wetu, pole. Soda na mkate si malipo, hiyo ni adabu ya mgeni tu, na sioni kwa nini watu wazima na digrii zao wanajifanya hawajui tofauti.

Kwanza mjue mko na nini mkononi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hivyo mtafiti wa utamaduni akiomba pesa kwa wafadhili jina la ngoma yenu linampa uzito, ile kubwa baba, ya katikati mama, ndogo mtoto, na pembe ya swala juu yake. Hiyo ndiyo bidhaa anapeleka sokoni, na sisemi kwa ubaya, utafiti bila pesa haufiki Shinyalu, lakini basi mwenye bidhaa aonekane.

Halafu kuna sheria ya Kenya, ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iombwe ridhaa kabla sanaa yao haijatumiwa, waelezwe ni ya kazi gani, na faida ikipatikana wagawiwe. Sasa mzee niambie, kuna kitu mlitia sahihi? Maana ninavyojua mimi karatasi hupitishwa wakati watu wako mbio kuanika ngoma kwa jua zikaze, mtu anaandika jina lake hapo chini bila kusoma na anarudi kwa ngoma. Itafuteni. Kama hamna nakala, andikieni chuo chenyewe, sio yule kijana wa kamera, muandikie ofisi ya utafiti na kamati ya maadili ya chuo, barua fupi tu: jina la kikundi liwekwe, tupewe rekodi yote nzima sio vipande, tuambiwe inahifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuitumia.

Hiyo nakala msiidharau. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis wakiimba mwaka 1950, rekodi zikaenda kukaa Afrika Kusini, ziko Chuo Kikuu cha Rhodes, na ni baada ya zaidi ya miaka 60 ndio nakala zikarudishwa kwa wenyewe, wakapatikana wachache walioimba siku hiyo wakiwa bado hai. Nyinyi YouTube imewaonyesha mapema, tumieni hiyo bahati.

Mhariri, nalima waru (viazi) Molo, ile aina ya shangi. Mchana zinalegea utadhani hazina maji na udongo uko na maji. Jirani ananiambia niende Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, wako na mambo ya mbegu. Si nitazungushwa tu? Ama hizo pesa za utafiti ni za kuandikia vitabu? – Mama wa Shangi

Mama, kabla hujapanda matatu ya Njoro fanya hivi. Kata shina moja linalonyauka, karibu na mchanga kabisa, kipande urefu wa kidole. Chukua glasi ya maji safi, lile shina lining'inie wima ndani, ncha uliyokata iguse maji, na usitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka polepole kutoka pale ulipokata, hiyo ni bakteria, ule mnyauko wenyewe, na dawa hakuna, agrovet akikuuzia dawa amekula pesa yako. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, usitupe kwa mtaro wala kwa mbolea, na hapo kwa misimu kadhaa usirudishe waru wala nyanya wala biringanya, weka mahindi. Mbegu ya shamba hilo usiweke hata kiazi kikionekana kizuri namna gani, ndani kinabeba.

Sasa Egerton. Pale ni mahali pa kilimo tangu 1939 ikiwa bado shule ya wakulima, na wako ndani ya RUFORUM, mtandao wa vyuo vya kilimo Afrika ulioanza 2004, ofisi kuu Kampala. Kuanzia 2016 kulikuwa na programu inaitwa TAGDev, pesa za Mastercard Foundation, Egerton na chuo cha Gulu kule Uganda wakapewa kazi ya kutoa wanafunzi darasani wafanye utafiti kwa mashamba ya watu, na huku Nakuru zao moja lilikuwa hizo waru zako. Vitabu vipo, sikudanganyi, mwanafunzi wa masta lazima aandike thesis yake, lakini hapo ndipo una nguvu, bila shamba lako hana cha kuandika. Usiende peke yako. Nenda na kikundi kilichosajiliwa, uliza idara ya mimea, beba lile shina lako kwa karatasi.

Vijana wawili na tableti za kujazia data wamepita huku Nyalenda, Kisumu, wanadunga watoto kidole wanapima malaria, mzee wangu anasema damu inauzwa. Nitajuaje ni wa ukweli? – Min Achieng

Mama, tone moja la kidole halina soko popote. Lakini swali ni zuri. Itisha leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kila utafiti unatakiwa kuwa nayo, na barua ya kamati ya maadili. Fomu ya ridhaa lazima iwe na namba ya simu ya kupiga ukiwa na shida, na nakala ubaki nayo. Wasome kwa Dholuo kama ndio unaelewa. Ukikataa hakuna kitu watakufanya, hata ukikubali leo kesho unaweza kujitoa, na mtoto bado atatibiwa kliniki kawaida.

Mzee wako mwambie chanjo ya malaria RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo, hapo Kombewa na Siaya, kabla serikali haijaanza kuitoa Homa Bay Septemba 2019. Hizo sindano zilianza na wazazi waliokubali kwa ridhaa watoto wao wajaribiwe.

Nimemaliza fomu foo, nataka hiyo kazi ya kukusanya data za utafiti kwa tableti. Inalipa? – Kijana, Kisumu

Inalipa kwa siku, halafu inaisha. Anayekuitisha pesa ya usajili ni mwizi, mblock. Peleka CV kwa ofisi za miradi, na kama unajua Dholuo ama Kiluhya sawasawa andika hapo juu kabisa, sio mwisho baada ya mpira na kuogelea.