Kubadilisha soketi za pini za mviringo

Ndugu, hizo soketi za matundu ya mviringo kwenye nyumba yako ya zamani Uingereza usizibadilishe uso tu. Zilikuwa za ampea 2, 5 na 15, kabla plagi ya ampea 13 yenye fyuzi, iliyoanza 1947, haijaenea. Ukiweka soketi ya 13 kwenye waya wa ampea 5, kuna siku mtu atachomeka hita na waya utazidiwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni waya wenyewe. Zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekatika, kisha fungua moja. Mpira mweusi unaofunika waya ukipukutika ukiugusa na shaba kubaki uchi, funika, acha hivyo, ita fundi umeme aliyesajiliwa. Matundu mawili tu? Hakuna ethi hapo, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini. Adapta ya kuchomekea plagi ya sasa humo usinunue.